Zilizopendwa au Zipendwazo? Sauti ya Daudi Kabaka katika Masikio ya Kitale na Bungoma

Utangulizi

Katika vipindi vya redio vya Afrika Mashariki, nyimbo za dansi za miaka ya 1960 na 1970 hukusanywa chini ya jina moja: zilizopendwa. Jina hilo limezoeleka mno hata ni wachache wanaosita kulichambua. Hata hivyo, ukilitazama kimofolojia, limebeba hukumu. Kiambishi cha wakati kinaupeleka upendo huo nyuma, na kauli ya kutendwa inamfuta mtenda. Zilipendwa, zilipendwa na nani, kwa sababu gani, na upendo huo ulikoma lini, jina halisemi. Msikilizaji anayezipenda leo anaambiwa, kwa kiambishi kimoja tu, kwamba amechelewa.

Makala haya yanaichukua hukumu hiyo kuwa tatizo la kihakiki. Yanamchunguza Daudi Kabaka (1939–2001), mwimbaji aliyeitwa mfalme wa twist katika Kenya, na yanauliza ni nini kinachozifanya rekodi zake ziendelee kusikilizwa katika magharibi mwa nchi hiyo, hususan katika miji ya Kitale na Bungoma. Hoja inayotetewa ni kwamba nyimbo hizo zinadumu kwa sababu kazi ya sanaa yenyewe ni rekodi, yaani sauti fulani iliyonaswa siku fulani, na kwamba Kiswahili kilichomo katika sauti hiyo kiliwafaa watu ambao hawakuwa na mji wa jadi wa Kiswahili wa kuutazama kama kitovu cha lugha. Ikiwa hoja hii ina uzito, basi uhakiki wa ushairi wa Kiswahili, uliozoea kuhukumu kwa maandishi, unalo deni ambalo haujalilipa.

Msanii na njia za reli

Kabaka alizaliwa Kyambogo, Uganda, katika familia yenye asili ya magharibi mwa Kenya, na kazi yake kubwa ya kisanaa aliifanyia Nairobi. Maisha yake, kwa hiyo, yalifuata njia ile ile iliyofuatwa na maelfu ya vibarua na makarani wa enzi ya ukoloni. Reli iendayo Kampala hupita Bungoma kabla ya kufika Malaba; tawi lililojengwa katika miaka ya 1920 liliishia Kitale, katikati ya mashamba ya walowezi. Miji hii miwili haikuzaliwa na biashara ya bahari wala na vyuo vya dini, kama ilivyokuwa Lamu au Mombasa. Ilizaliwa na reli, mahindi na ofisi za serikali, na watu waliokutana humo, Wabukusu, Wasabaot, Wateso, Wapokot, Waturkana, Wakikuyu na wengineo, walihitaji lugha ya tatu ili kuelewana sokoni na kazini.

Muziki uliowafikia watu hao ulikuwa umekwisha kupata sura kabla ya Kabaka kuvuma. Katika nchi ya Waluyia, wapigaji wa gitaa lisilo la umeme walikuwa wamejenga mtindo uitwao omutibo, unaohusishwa zaidi na George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Gitaa lilidonolewa kwa vidole huku mwenzake mwimbaji akikwaruza na kugonga chupa ya Fanta ili kutoa mapigo. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Mukabi, pamoja na kuwa na lugha yake ya nyumbani, aliimba pia kwa Kiswahili. Kabaka alipojiunga na kundi la studio ya Equator Sound jijini Nairobi, iliyosimamiwa na Charles Worrod, alikuta hadhira iliyokwisha kufunzwa kusikiliza Kiswahili juu ya nyuzi za gitaa.

Kundi la Equator lilikuwa mkusanyiko wa wasafiri. Alikuwamo Fadhili William kutoka Taita. Walikuwamo Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi Juma, wenye asili ya Zambia. Alikuwamo pia Gabriel Omolo. Mitindo waliyoichanganya ilitoka mbali vile vile: kwela ya Afrika ya Kusini, rumba ya Kongo, na twist ya Marekani iliyoenea dunia nzima baada ya rekodi ya Chubby Checker ya mwaka 1960. Yafaa ikumbukwe kwamba katika Afrika Mashariki ya wakati huo neno jazz lilitumika katika majina ya bendi nyingi ambazo hazikupiga muziki huo kwa maana ya Kimarekani. Neno lilitangaza usasa. Kadhalika, twist ya Kabaka ilibaki na jina la kigeni lakini mapigo yake yaliegemea ngoma za nyumbani. Ukitafuta mwenzake kwa wanamuziki weusi wa Marekani, yawezekana kumtaja Sam Cooke, mwimbaji wa soul aliyeimba twist mwaka 1962 na kufariki mwaka 1964, ambaye naye hukumbukwa kwa namna ya sauti yake kuliko kwa wingi wa maneno yake.

Santuri kama umbo la kisanaa

Mjadala wa umbo la ushairi wa Kiswahili ulipamba moto katika miaka ya 1970. Upande mmoja walisimama waliofuata kanuni kama zile alizozieleza K. Amri Abedi mwaka 1954 katika Sheria za Kutunga Mashairi; upande wa pili walisimama wanausasa waliotiwa moyo na Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1974. Pande zote mbili, licha ya uhasama wao, zilikubaliana juu ya jambo moja bila kulitamka: shairi la kuhakikiwa ni lile lililo kwenye karatasi. Vina na mizani vilihesabiwa kwenye ukurasa, na hata aliyevikataa alivikatalia hapo hapo.

Wimbo wa santuri haukupata nafasi katika mjadala huo, ingawa nao ulikuwa na sheria kali kuliko arudhi. Upande mmoja wa santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ulibeba takribani dakika tatu za sauti. Msanii hakuweza kumwomba mwenye studio ubeti wa ziada. Katika miaka ya 1970 wanamuziki wengi wa benga na rumba waliutatua mgogoro huu kwa kuugawa wimbo mmoja katika pande mbili za santuri, wakaipa gitaa nafasi ya kujinyoosha upande wa pili. Twist ya Kabaka ni ya enzi iliyotangulia. Katika upande mmoja wa santuri aliingia, akamtaja mhusika, akaeleza kilichomsibu, akarudia kibwagizo, akatoka. Mwendo huu unafanana na wa methali na vitendawili kuliko wa utenzi: maneno ni machache, na mzigo wa maana unaachwa kwa msikilizaji.

Ndiyo maana anayeyanakili maneno ya nyimbo hizi kwenye karatasi huona umaskini. Anakuta urudufu, sentensi fupi na msamiati wa kila siku. Akihukumu kwa vipimo vya ukurasa, atasema kwamba hapa hapana ushairi. Lakini alichokihukumu ni mifupa. Katika rekodi, kibwagizo kinaporudi mara ya tatu hakirudi kama kilivyokuwa: sauti ya pili imekwisha kujiunga na ya kwanza, gitaa limepanda, na msikilizaji amekwisha kuambiwa habari ambayo hakuwa nayo mara ya kwanza. Urudufu ambao kwenye karatasi ni ukosefu wa maneno, masikioni ni hatua katika kukua kwa maana.

Wazo hili si geni kwa wanafunzi wa fasihi simulizi. Walter Ong, mwaka 1982, alieleza kwamba redio na vyombo vya kurekodi vimezaa usimulizi wa aina ya pili, unaoishi ndani ya jamii inayojua kuandika. Wala si geni kwa Kiswahili chenyewe. Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodiwa Bombay mwaka 1928, na Shaaban Robert, ambaye hakuna anayemshuku kuwa adui wa maandishi, aliona kuwa mwimbaji huyo anastahili wasifu mzima. Lililobaki kwa uhakiki ni kuifuata njia ambayo mtunzi huyo aliifungua.

Utungo na rekodi: jaribio la "Malaika" na "Helule Helule"

Wapo watakaosema kwamba kudumu kwa Kabaka hakuhitaji nadharia: redio ilizirudia nyimbo zake mara nyingi, watu wakazizoea, na sasa wanazipenda kwa sababu zinawakumbusha ujana wao. Madai haya yana ukweli wake, lakini hayatoshi. Redio ilirudia nyimbo nyingi ambazo leo hakuna anayezikumbuka. Aidha, kumbukumbu ya ujana haiwezi kumweleza kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2001, ambaye hakuwa na ujana wowote wa kukumbuka katika enzi ya Equator. Kijana huyo huzisikia rekodi hizi ndani ya matatu kati ya Kitale na Webuye, au katika arusi ya jamaa yake Bungoma, na mguu wake hucheza kabla hajauliza ni nani anayeimba.

Mlinganisho wa nyimbo mbili utalifafanua suala hili zaidi. "Malaika", uliovuma kwa sauti ya Fadhili William na ambao utunzi wake umegombaniwa kwa miaka mingi, umesafiri dunia nzima kupitia vinywa vya wengine. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuingiza katika albamu yao ya mwaka 1965, Boney M. wakautoa kwa mtindo wa disko mwaka 1981. Wimbo ule umedumu kama utungo. Kisa chake cha mpenzi asiyeweza kuoa kwa kukosa mali kinaweza kutolewa katika sauti moja na kutiwa katika nyingine bila kupoteza uhai, kama hadithi inayohama kutoka kwa msimulizi mmoja hadi kwa mwingine.

"Helule Helule" wa Kabaka ulipata fursa kama hiyo. Mwaka 1968 bendi ya The Tremeloes ya Uingereza iliurekodi, na wimbo ukafika nafasi ya 14 katika orodha ya mauzo ya nchi hiyo. Kwa vipimo vya kibiashara, huo ni ushindi ambao wanamuziki wachache wa Kenya wa wakati ule waliupata. Lakini leo anayeuomba wimbo huo Kitale au Bungoma hamtaki Mwingereza. Anataka sauti ya Kabaka. Toleo la ng'ambo lilichukua lahani na likaacha kile kilichoufanya wimbo uwe wimbo.

Jaribio hili linaonyesha kuwa kuna kudumu kwa namna mbili. Kuna kudumu kwa utungo, ambako kazi huishi kwa kuimbwa upya. Na kuna kudumu kwa rekodi, ambako kazi huishi kwa kusikilizwa upya. Namna ya kwanza inafahamika vyema kwa wahakiki kwa sababu inafanana na kunakiliwa kwa miswada. Namna ya pili haijapewa istilahi zake. Humo ubora umo katika mambo ambayo hayanakiliki: mahali mwimbaji anapovuta pumzi, jinsi anavyolitua neno la mwisho la mstari bila kulisisitiza, utulivu wa sauti inayosimulia fedheha ya mtu kana kwamba inamsalimia.

Kiswahili kisicho na mwenyewe

Anwani za nyimbo za Kabaka zinatosha kuonyesha aina ya lugha aliyoichagua. "Msichana wa Elimu" ni mfano mzuri. Mwandishi wa Kiswahili sanifu angeandika msichana msomi, au msichana aliyesoma. Kabaka anatumia kihusishi cha a-unganifu, na kwa kufanya hivyo anapata maana mbili kwa pamoja: msichana aliye na elimu, na msichana aliyemilikiwa na elimu hiyo. Katika miaka ya 1960, shule zilipokuwa zikitenganisha vijana wa kijiji kimoja, utata huo haukuwa mchezo wa maneno. Mwaka 1966 Okot p'Bitek alilishughulikia suala lile lile la mgawanyiko baina ya waliosoma na wasiosoma katika utungo mrefu wa Lawino. Mwimbaji wa santuri aliligusa kwa maneno matatu ya anwani. Yafaa pia kukiri upungufu uliomo: anwani inamtaja mwanamke kwa kile kilichompata, na studio iliyozaa rekodi hizi ilitawaliwa na sauti za wanaume. Msikilizaji wa leo anao wajibu wa kulisikia hilo nalo.

"Pole Musa" ni anwani ya aina nyingine. Hapa lugha inashuka hadi kwenye neno ambalo kila mzungumzaji wa Kiswahili hulijua siku ya kwanza ya kujifunza, neno la kumfariji aliye mbele yako. Kwa kulifanya kuwa mlango wa wimbo, Kabaka anamweka msikilizaji mahali pa jirani anayekuta jambo limekwisha kutokea. Nafsineni hahutubii umma. Anaongea na mtu mmoja mwenye jina. Katika "Western Shilo", kwa upande mwingine, neno la Kiingereza linalotaja eneo la magharibi limeingizwa bila kuombewa radhi, kama linavyotumiwa na watu wenyewe.

Kiswahili cha namna hii kimedharauliwa mara nyingi kwa kuitwa cha bara, jina linaloashiria upungufu unaopimwa kwa umbali kutoka pwani. Lakini kwa mkazi wa Kitale, lugha hiyo haikuwa nakala mbovu ya lugha ya Mvita. Ilikuwa lugha ya kwanza aliyoweza kushirikiana na jirani asiye wa kabila lake katika mambo ya ndani: mapenzi, aibu, ada ya shule, mke aliyeondoka. Kiswahili cha ofisini kilimpa amri, na cha sokoni kilimpa bei. Santuri ilimpa Kiswahili cha moyoni.

Aidha, hadhira hii haikuwa hadhira changa kisanaa. Mbukusu wa Bungoma amelelewa katika nyimbo za tohara zinazoimbwa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, katika hotuba za kumuse zinazotolewa baada ya maziko ya wazee, na katika masimulizi yanayoandamana na litungu, zeze lenye nyuzi saba. Anajua kiongozi anapostahili kuitikiwa na anapostahili kuachwa aseme peke yake. Mtu mwenye sikio kama hilo hadanganyiki kwa urahisi na marudio matupu. Kwamba aliikubali sauti ya Kabaka ni ushahidi wa kihakiki, ingawa hakuuandika.

"Harambee Harambee" baada ya mapigano

Mtihani mgumu zaidi wa hoja hii ni wimbo wa kizalendo. Nyimbo za aina hiyo huzeeka upesi, kwa kuwa ahadi zilizomo hupimwa na historia. "Harambee Harambee" ulitoka katika miaka ya mwanzo ya uhuru, ukiwahimiza wananchi kushikamana na kuijenga nchi, na kwa miaka mingi ulisikika mara kwa mara katika redio ya taifa. Ungetarajiwa kufa pamoja na matumaini ya enzi hiyo.

Na matumaini hayo, katika maeneo haya, yalijeruhiwa vibaya. Mapigano ya kugombea ardhi ya mwaka 1991 na 1992 yaliwafukuza watu katika makazi yao huko Trans Nzoia na Bungoma. Mlima Elgon uliona umwagaji mwingine wa damu kati ya mwaka 2006 na 2008, na vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliongeza majeraha. Wakazi waliochomewa nyumba na jirani wana sababu ya kuucheka wimbo wa umoja.

Hata hivyo wimbo haukufa, na sababu yake imo katika umbo. Harambee, kabla ya kufanywa kaulimbiu na Jomo Kenyatta mwaka 1963 na kuandikwa katika nembo ya taifa, lilikuwa neno la wafanyakazi wanaovuta au kuinua mzigo kwa pamoja. Lilikuwa na sehemu mbili: mwito wa mmoja na nguvu ya wengi. Wanasiasa walilichukua neno wakaliacha tendo. Likawa neno la jukwaani, linalotamkwa na mtu mmoja aliyesimama juu ya wengine. Kabaka, kwa kulirudufu katika anwani na kulitia katika mfumo wa mwito na mwitikio, analirudisha lilikotoka. Ndani ya rekodi, neno haliwezi kukamilika mpaka sauti nyingine iitikie.

Kwa hiyo msikilizaji wa Kitale anayeusikia wimbo huu leo hasikii ahadi ya serikali iliyotimizwa au kuvunjwa. Anasikia watu waliokuwa wakivuta kitu kimoja kwa dakika tatu, na anajua wenyewe walikuwa wametoka Kenya, Uganda na Zambia. Rekodi haidai kwamba umoja upo. Inatoa ushahidi kwamba uliwezekana, angalau chumbani mle, siku ile. Ushahidi wa namna hiyo unauma na kufariji kwa wakati mmoja, na yawezekana kwamba sehemu kubwa ya mvuto wake imo katika maumivu hayo.

Hitimisho

Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba fasihi simulizi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi. Ndio mwaka ule ule ambao "Helule Helule" ulipanda katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Dai lao lilikubaliwa kwa kiasi kikubwa kuhusu ngano, methali na nyimbo za jando. Kuhusu santuri lilibaki nje ya mlango, kwa kuwa santuri ilionekana kuwa ya kisasa mno kwa mtafiti wa jadi na ya mitaani mno kwa mhakiki wa ushairi. Matokeo yake, mwanafunzi wa shahada ya juu anaweza kueleza tofauti ya tarbia na takhmisa, lakini hana istilahi ya kueleza kwa nini sauti ya Kabaka inapoingia baada ya gitaa, chumba hunyamaza.

Wakati wa kuzitafuta istilahi hizo unapungua. Santuri hukwaruzika, hupinda kwa joto na hutupwa mwenye nyumba anapofariki. Nakala zilizowekwa katika intaneti zimeokoa sauti nyingi, lakini mara nyingi hazina jina la mpiga gitaa, mwitikiaji wala mwaka. Msikilizaji ametimiza wajibu wake kwa zaidi ya nusu karne, bila kuhimizwa na chuo chochote. Mkusanyaji wa matini na mhakiki ndio waliobaki nyuma, na huenda hatua yao ya kwanza ikawa ndogo sana: kubadili kiambishi kimoja, na kuziita nyimbo hizi zipendwazo.